Jina la Ujiji lilitoka kwa nani? Jibu kwa mwalimu wa historia

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Kigoma. Tulipofika kwenye mada ya misafara ya biashara ya karne ya 19, darasa langu liligawanyika juu ya jina la Ujiji. Baadhi ya wanafunzi walisema limetokana na neno "jiji", kwa kuwa mji huo ulikuwa mkubwa na mashuhuri. Wengine wakasema ni "kijiji" kilichokua. Na mmoja akasema babu yake humwambia kuwa ni jina la watu, yaani Wajiji. Nani yuko sahihi? Na ikiwa ni jina la Wajiji, mbona wenyeji wengi wa Ujiji hujitambulisha kuwa Wamanyema?

Jibu: Mwalimu, babu wa mwanafunzi huyo ndiye aliye sahihi, na ninaomba umfikishie salamu zangu za heshima. Ujiji maana yake ni nchi ya Wajiji, watu wa jamii kubwa ya Waha waliokaa katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika na katika milima iliyo juu yake. Hata hivyo jibu hilo fupi halitoshi, kwa sababu linaacha bila maelezo jambo lenyewe lililowachanganya wanafunzi wako: vipi jina la nchi nzima, yenye milima, mashamba na mtawala wake, likaja kubaki juu ya mji mmoja wa ufukweni ambao wenye jina hilo si wengi tena ndani yake.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiko hoja ya "jiji" inakozaliwa. Katika Kiswahili, neno "jiji" ni ukubwa wa "mji", kama vile "jitu" lilivyo ukubwa wa "mtu" na "jito" ukubwa wa "mto". Kama Ujiji ingekuwa imeundwa kutokana na neno hilo, ingekuwa nomino ya kutaja hali, yaani hali ya kuwa jiji, kama tunavyosema "utu" au "ujana", na sijaona nchi yoyote ya bara iliyopewa jina kwa njia hiyo. Kiambishi u- kilicho mwanzoni mwa Ujiji kinafanya kazi nyingine kabisa, nayo ni kazi ileile kinayoifanya katika Ugogo, Unyamwezi, Uvinza, Ukerewe na Usukuma, ambayo ni kutaja nchi ya watu fulani. Waha wenyewe hutumia kiambishi chenye bu-, kwa hiyo nchi yao kubwa ni Buha na sehemu hii ya ziwani ni Bujiji. Watu wa pwani waliokuja na misafara walizoea kuiangusha b hiyo, wakapata Uha na Ujiji, kama walivyopata Uganda kutoka Buganda, Unyoro kutoka Bunyoro, na Urundi kutoka Burundi, jina ambalo baadaye lilirudishiwa b yake. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mji wa Uvira una historia ya jina inayokaribiana sana na hii, kwani nao ni nchi ya Wavira ambayo jina lake lilikaa juu ya mji.

Hoja ya "kijiji" ina mvuto kidogo zaidi, na nadhani ninaona ilikotoka. Kwa kanuni hiyohiyo ya Kiswahili, mtu mmoja wa nchi hiyo ni Mjiji, wengi ni Wajiji, na lugha na desturi zao ni Kijiji. Yeyote aliyesikia habari ya "maneno ya Kijiji" bila kujua habari za Wajiji angeweza kwa urahisi kudhani kuwa yanazungumzwa makazi madogo ya shamba. Lakini sauti mbili zinapofanana hazithibitishi undugu, na hapa kuna ushahidi wa kihistoria unaokata shauri bila kutuachia mashaka.

Ushahidi huo unatoka kwa watu waliofika kabla mji haujawa na jina lake la sasa. Wasafiri wapelelezi wa Kiingereza, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakalifikia ziwa mwezi Februari 1858. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton aliandika waziwazi kuwa Ujiji ni jina la jimbo, na kwamba waliodhani ni jina la mji mmoja walikosea. Aliongeza kuwa nchi hiyo iliitwa pia Manyofo, ingawa jina hilo lilionekana kuwa la utawala fulani tu ndani yake. Masikio ya mtu wa Kigoma hayatakosa kusikia humo jina la Manyovu, lililoko milimani hadi leo. Mahali hasa walipofikia, palipokuwa na wafanyabiashara wa pwani na mitumbwi, hapakuitwa Ujiji bali Kawele, na mkuu wa hapo aliyewasumbua sana kwa madai ya hongo, yaani ushuru wa kupita, na nauli za mitumbwi alikuwa Kannena. Jirani na Kawele palikuwa na Gungu, eneo lililokuwa na mkuu wake mwenyewe, na jina hilo lingali hai kama kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji.

Tazama basi maana ya ushahidi huu. Wakati wa Burton hapakuwa na jiji hapo, wala mji mkubwa wa aina yoyote. Yeye mwenyewe aliona kuwa soko la Ujiji halikuwa limefikia hadhi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Hata hivyo jina Ujiji lilikuwa limekwisha kuenea mpaka Zanzibar, na likitaja nchi pana yenye milima isiyo na mji. Jina haliwezi kuzaliwa na ukubwa wa mji ambao haujakuwapo bado.

Nchi hiyo ilikuwa na mpangilio wake wa utawala, na mpangilio huo ndio uliofungua njia ya jina kuhama. Mtawala mkuu, mwami, alikaa milimani, upande wa Kalinzi, na mapokeo yanasema mwiko ulimkataza kulitazama ziwa. Mambo ya ufukweni, yaani ardhi, mavuvi, mitumbwi na wageni, yaliachwa mikononi mwa wakuu wa huko chini, kila mmoja na eneo lake. Naomba wanafunzi wako walitafakari jambo hili kwa uzito, kwa sababu vitabu vingi vya shule huruka moja kwa moja kutoka kwa Waarabu hadi kwa wazungu kana kwamba ufuko ulikuwa mtupu. Wafanyabiashara wa pwani walipowasili, kwa maelezo aliyopewa Burton mnamo mwaka 1840 hivi, walikuta wenyeji wenye soko, wenye ujuzi wa kuvuka ziwa kwa mitumbwi ya mti mmoja, na wenye wakuu wa kupokea ushuru. Wageni walikaribishwa na wakuu wa ufukweni katika nchi ya mwami ambaye hawakumwona, na katika mazungumzo yao ya safari nchi hiyo yote ikafupishwa kuwa lile eneo walilolijua wao.

Ndivyo misafara ilivyotaja mahali siku zote. Mpagazi aliyeulizwa anakokwenda hakutaja mtaa wa mwisho wa safari yake. Alitaja nchi, kwa sababu nchi ndiyo iliyojulikana njiani kote. Kutoka Bagamoyo msafara ulipita Usagara, ukavuka Ugogo, ukapumzika Unyanyembe, ukapita Uvinza kwenye chemchemi za chumvi na kuvuka Malagarasi, kisha ukafika Ujiji. Anayefika Ujiji alifika Kawele, kwa hiyo kwa mtu wa mbali Kawele na Ujiji vilikuwa kitu kimoja. Jina liliendelea kutanuka kwa upande mwingine pia: wafanyabiashara waliliita ziwa lenyewe kwa soko lake kuu, na ndiyo sababu Burton, alipoomba idhini ya safari yake mwaka 1856, alisema anakwenda kutafuta mipaka ya "Bahari ya Ujiji". Wenyeji wa mwambao huu walisema Tanganyika, na Livingstone alipoufikia upande wa kusini mwaka 1867 aliandika Liemba, jina ambalo baadaye lilipewa meli maarufu ya ziwa hili. Kwa muda, basi, neno Ujiji lilikuwa na ukubwa wa aina tatu kwa wakati mmoja: ziwa zima kwa watu wa pwani, nchi ya milima na ufuko kwa Waha, na gati la Kawele kwa mpagazi aliyetua mzigo.

Kwamba maana ya mwisho ndiyo iliyoshinda kunaonekana katika maandishi ya miaka 20 tu. Msafiri mwingine Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alipofika mwaka 1874 aliandika bado kuwa yuko Kawele. Henry Morton Stanley, katika safari yake ya pili mwaka 1876, aliuelezea Ujiji kuwa mji wenye sehemu mbili: Ugoy, walikokaa Waarabu, na Kawele, walikokaa waungwana (watu huru wa pwani), watumwa na wenyeji. Angalia jinsi ngazi zilivyopinduka. Kwa Burton, Kawele ilikuwa sehemu ya nchi ya Ujiji. Kwa Stanley, miaka 18 baadaye, Kawele imekuwa mtaa wa mji wa Ujiji.

Kilichojaza muda huo ni soko, na soko hilo lastahili kuelezwa vizuri kwa wanafunzi, kwani walikutana hapo watu wa mwambao wote wa ziwa. Chumvi ililetwa kutoka Uvinza. Mawese, samaki wakavu, nafaka, mbuzi na vyombo vya udongo vililetwa kwa mitumbwi na kwa vichwa. Soko lilikuwa na fedha yake, ushanga ulioitwa sofi, vipande vifupi vya mfano wa shina la kiko lililovunjika, ambao mgeni alipaswa kuubadili kwa nguo zake kabla ya kununua chakula. Lakini bidhaa zilizowaleta watu wa pwani umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 zilikuwa pembe za ndovu na wanadamu. Mateka walinunuliwa au kutekwa Manyema na nchi nyingine za ng'ambo, wakavushwa ziwa, wakashushwa Ujiji, na kutoka hapo wakatembezwa hadi Unyanyembe na Bagamoyo. Ninaamini mwalimu yeyote anayefundisha asili ya jina hili ana wajibu wa kusema jambo hili bila kulipamba, kwa maana umaarufu uliolibakiza jina Ujiji juu ya mji huu ulijengwa kwa sehemu kubwa na biashara hiyo. Ujiji ni miongoni mwa vituo vya Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe, ambayo Tanzania iliiwasilisha mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kisa cha Livingstone na Stanley kinajulikana mno, kwa hiyo sitakaa nacho. David Livingstone alifika Ujiji kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1869, akaenda Manyema, akarudi mgonjwa na mwenye huzuni mwezi Oktoba 1871 baada ya kushuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe. Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald, alimkuta hapo muda mfupi baadaye. Yeye alitaja tarehe 10 Novemba, ingawa shajara ya Livingstone haiafikiani na hesabu hiyo. Kwa swali lako, umuhimu wa kisa hicho ni mmoja: magazeti ya dunia yalichapisha "Ujiji" kama jina la mji, na tangu hapo hakuna mgeni aliyejihangaisha tena kuuliza nchi ya Wajiji inaishia wapi. Wamisionari wa London Missionary Society walipokuja mwaka 1878, na Mapadri Weupe mwaka uliofuata, walikuja "Ujiji" kwa maana tunayoijua sasa. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi mwaka 1896, waliandika Udjidji kwa tahajia yao, wakaita na wilaya kwa jina la kituo. Hapo mzunguko ukatimia kwa namna ya ajabu kidogo: nchi ilikuwa imeupa mji jina, na sasa ofisi ya serikali ikaipa nchi jina la mji.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo naona ndilo lenye utajiri zaidi. Wakazi wengi wa Ujiji hujiita Wamanyema kwa sababu wengi wa wazazi wao wa zamani walivuka kutoka magharibi mwa ziwa, eneo ambalo leo ni mashariki mwa Kongo. Walikuja kwa njia mbalimbali, na si sahihi kuwaweka wote katika fungu moja. Wapo walioletwa kwa nguvu kama mateka, wakabaki mjini badala ya kupelekwa pwani. Wapo waliokuja kama askari, wapagazi, mabaharia na watumishi wa wafanyabiashara. Wapo waliokimbia vita. Na wapo waliovuka kwa hiari yao kufanya biashara na kuoa. Jina Wamanyema lenyewe likawa mwavuli wa watu wa asili nyingi, wakiwemo Wagoma, Wabwari, Wabembe na Wakusu, ambao ndani ya mji waliunganishwa na Kiswahili, Uislamu, mavazi na desturi za mjini. Walipohama tena, walikwenda na utambulisho huo hadi Tabora, Dar es Salaam na Bujumbura.

Wajiji, kwa upande wao, hawakufukuzwa wala hawakutoweka. Wengi waliendelea kuishi kwenye mashamba na vijiji vya milimani na kando ya ziwa, wakiuza mjini mazao na samaki wao, na walipoulizwa na serikali kabila lao waliandikwa Waha, jina la jamii kubwa linalowajumuisha. Hivyo jina Wajiji likapungua matumizi katika maandishi huku jina Ujiji likizidi kukua, mpaka vijana wakaanza kulitafutia asili katika kamusi ya Kiswahili. Siwalaumu wanafunzi wako hata kidogo. Walifanya kile ambacho kila mtu hufanya akikutana na jina ambalo wenyewe hawatajwi tena mbele yake. Ila ningependa watambue kuwa kusema Ujiji ni "jiji" ni kuwaondoa Wajiji katika historia ya nchi yao wenyewe, na kusema kuwa mji ni wa Wajiji peke yao ni kuwaondoa Wamanyema waliojenga mitaa yake. Mmoja alitoa jina, mwingine akaujaza mji, na haki ya kila mmoja haipunguzi ya mwenzake.

Huenda wanafunzi wakauliza pia kwa nini mji wenye jina kubwa hivyo haukuwa makao makuu ya mkoa. Sababu kubwa iko ndani ya ziwa. Kwa miaka mingi maji ya Tanganyika yalikuwa yakipanda kwa kuwa mto Lukuga, mlango wake pekee wa kutokea upande wa magharibi, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mwaka 1878 kizuizi kilikatika, na katika muda wa miaka kama 15 ziwa likashuka kwa takribani mita 10. Ufuko wa Ujiji ni mwanana na wa mteremko mdogo, kwa hiyo maji yalipopungua yalirudi nyuma sana, yakaacha nchi kavu mahali mitumbwi ilipokuwa ikitia nanga. Ndiyo maana mnara wa kumbukumbu ya Livingstone, mahali penye miembe inayosemekana kuwa kizazi cha mwembe ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake mwaka 1871, leo uko mbali na maji kiasi cha kumshangaza mgeni. Wajerumani walipotafuta mahali pa kumalizia reli ya kati walihitaji ghuba yenye kina, wakaichagua Kigoma, kilomita chache kaskazini, na reli ikafika huko mwanzoni mwa mwaka 1914. Ofisi, gati na biashara vikaifuata reli. Ujiji ukabaki na watu, misikiti na jina, na baadaye miji hiyo miwili ikaunganishwa kuwa manispaa moja yenye majina yote mawili.

Ukitaka kuwapa wanafunzi kazi ya kuthibitisha haya kwa macho yao, watafutie nakala za ramani za zamani na uwaambie waangalie jina limeandikwa juu ya nini. Katika ramani za miaka ya 1850 na 1860 waangalie kama Ujiji limetandazwa juu ya eneo pana, na kama Kawele imewekewa alama yake yenyewe ufukweni. Katika za baada ya 1876 waangalie kama alama ya mji imepewa jina Ujiji na Kawele imepotea. Wakumbuke kutafuta tahajia zote, kwani Wajerumani waliandika Udjidji na Wafaransa Oudjidji. Kisha uwatume wale wenye ndugu Kalinzi na Manyovu wakawaulize wazee huko neno Bujiji linaishia wapi milimani, na majibu yao wayaandike kwa Kiha kama yalivyosemwa, pamoja na jina la kijiji ambako kila jibu lilitolewa.